Sauti Juu ya Picha: Teknolojia ya Video na Nafasi ya Fanani katika Homa Bay na Migori

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuijadili teknolojia ya picha kwa mojawapo ya njia mbili. Wako wanaoiona kuwa ndiyo iliyozima moto wa jioni na kuwatawanya wasikilizaji wa ngano. Na wako wanaoiona kuwa ghala tu, mahali pa kuhifadhia kile ambacho fanani amekwisha kukitenda. Maoni haya yanaonekana kupingana, lakini yote yanatokana na dhana moja: kwamba fasihi ilikuwako kwanza, kisha mashine ikaja. Makala haya yanachunguza eneo ambamo utaratibu huo uligeuka. Katika sehemu iliyokuwa Wilaya ya South Nyanza, ambamo tangu mwaka 2013 mna kaunti mbili za Homa Bay na Migori, mashine ya kuonyeshea picha ilikuja na kazi mpya ya kisanaa: kazi ya mtu anayesimama kando ya picha na kuisemea. Tunauliza swali moja tu. Kila mara picha ilipoboreshwa, mtu huyo alipatwa na nini?

Jibu lililozoeleka ni jepesi. Inasemwa kwamba msimulizi alihitajika kwa sababu picha ilikuwa mbovu na lugha ya filamu ilikuwa ngeni. Kwa hiyo, picha ikisafika na watu wakielimika, haja naye itakwisha, kama mkongojo unavyowekwa kando mguu unapopona. Jibu hilo limekubaliwa na wahandisi, na kwa bahati mbaya limekubaliwa na baadhi yetu pia. Pendekezo moja la tasnifu ya uzamili juu ya usimulizi wa video liliwahi kurudishwa na kamati ya shahada za juu kwa hoja kwamba halina matini ya kuhakikiwa. Tunadai kuwa matini ipo, ila imetafutwa mahali pasipo pake.

Eneo lenyewe linafaa sana kwa uchunguzi huu kwa sababu ya hali yake ya lugha. Kijaluo ndicho kinachotawala. Kisuba kimeendelea kumezwa nacho katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na katika mwambao wa Mbita. Kikuria kinazungumzwa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Isebania na Sirari ni mji mmoja uliokatwa na mpaka, na lugha ya soko lake ni Kiswahili. Katika sehemu kubwa ya eneo hili Kiswahili si lugha ya nyumba ya bibi. Ni lugha ya shule, ya stendi, ya forodhani na ya ukumbi wa video. Jambo hili lina uzito katika hoja yetu, na tutalirudia.

Lori na santuri

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uligharamiwa kwa kiasi kikubwa na Carnegie Corporation ya Marekani, ukawa chini ya International Missionary Council, na ukaongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham hadi ulipofungwa mwaka 1937. Katika muda huo mfupi zilitengenezwa filamu zipatazo 35, nyingi zikihusu kilimo, afya, kodi na akiba ya posta. Lori lililobeba projekta na mashine ya umeme lilizunguka Afrika Mashariki na kuteremka hadi Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland.

Wanahistoria wa sinema wameyajadili sana maudhui ya filamu hizo, na hukumu yao ya kawaida ni kwamba yalikuwa mahubiri ya kikoloni. Hatupingi. Lakini kwa mhakiki wa fasihi simulizi jambo la kusisimua zaidi ni la kiufundi. Filamu za Vugiri zilikuwa za milimita 16 na hazikuwa na sauti juu ya utepe wenyewe. Sauti iliwekwa katika santuri, ikachezwa sambamba na picha. Ulaya na Marekani zilikuwa zimekwisha kuachana na njia hiyo, kwani sauti ilikuwa sasa inachapwa pembeni mwa utepe wa filamu, haiwezi tena kuachana na picha yake. Notcutt alirudi kwenye santuri kwa makusudi. Njia hiyo ilikuwa rahisi kwa gharama, na iliwezesha picha moja kusemewa kwa Kiswahili hapa, kwa Kijaluo pale, kwa Kiganda ng'ambo ya ziwa, bila kugusa filamu. Palipokosekana santuri ya lugha ya mahali, alisimama mtu mwenye kipaza sauti.

Yaani mhandisi wa mwaka 1935, alipokutana na wingi wa lugha zetu, alilazimika kuitenga sauti na picha. Utengano huo ndio mlango alimopitia msimulizi, na haukufungwa tena. Colonial Film Unit, iliyoundwa London mwaka 1939 chini ya William Sellers, iliendeleza mtindo wa magari ya sinema yenye mtafsiri wake. Na baada ya uhuru magari ya Wizara ya Habari ya Kenya yaliendelea kuonyesha filamu katika viwanja vya shule na masoko kwa utaratibu uo huo. Sellers aliamini kuwa Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, kwa hiyo akaagiza filamu za polepole, zisizo na mikato mingi. Wasiwasi wake ulikuwa juu ya jicho la mtazamaji. Kuhusu kinywa cha mtafsiri, ambacho hakuwa na uwezo wa kukidhibiti akiwa London, hakuwa na nadharia.

Hapa inafaa kukitaja kisa maarufu cha kuku. Marshall McLuhan, katika The Gutenberg Galaxy ya mwaka 1962, anakinukuu kutoka kwa John Wilson: filamu ya afya ilionyeshwa kwa wanakijiji wa Kiafrika, ikieleza namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kuwa wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kama mna kuku. Iliwabidi waipitie filamu picha kwa picha ndipo wakampata, akikatiza pembeni kwa muda wa sekunde hivi. McLuhan anakitumia kisa hicho kuthibitisha kwamba asiyejua kusoma hajui kutazama. Kwetu sisi kinathibitisha kinyume chake. Wanakijiji walikuwa wameona kitu ambacho aliyeipiga picha na aliyeihariri hawakukiona. Walichokosa si jicho, bali ni sababu ya kujali yale maji. Kumpa mtazamaji sababu ya kujali ni kazi ya fanani tangu hapo.

Ukumbi

Kanda ya VHS ilitolewa na kampuni ya JVC nchini Japani mwaka 1976. Katika miji midogo ya Kenya ilienea kwa wingi katika miaka ya 1980 na 1990, si kwa njia ya nyumba za watu bali kwa njia ya ukumbi: chumba cha mabati au udongo, mabenchi, deki moja, televisheni ya inchi 14 au 21, na jenereta au betri ya gari pale ambapo nyaya za umeme hazijafika. Nje huwekwa ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Katika fuo za wavuvi, ambako watu hufanya kazi usiku na kungoja mchana, ukumbi wa namna hii ulipata wateja wake kwa urahisi.

Picha yenyewe ilikuwa hafifu. VHS hubeba takribani mistari 240 tu ya upambanuzi wa upana, pungufu sana kuliko matangazo mazuri ya televisheni ya wakati huo. Na kwa kuwa ni kanda ya sumaku isiyo ya kidijiti, kila nakala hupoteza kitu cha nakala iliyotangulia. Kanda iliyofika Sori au Muhuru Bay ilikuwa nakala ya nakala. Rangi zimechuja, nyuso zimevimba, maandishi ya tafsiri chini ya kioo hayasomeki kutoka benchi la tatu. Filamu za Hong Kong ziliwasili na Kiingereza kibovu cha kubandikwa; za Bombay ziliwasili na Kihindi. Hapa jibu la mkongojo linaonekana kuwa na nguvu: mtu alihitajika aseme nani ni nani na anataka nini.

Katika vibanda vya Kampala mtu huyo aliitwa vijei, akasema Kiganda. Nchini Tanzania alisema Kiswahili, na mashuhuri wao alikuwa Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mwanaanthropolojia Matthias Krings wa Mainz ameandika juu ya sanaa hiyo kwa makini kuliko mhakiki yeyote wa fasihi ya Kiswahili, jambo ambalo linapaswa kutukera kidogo. Nchini Kenya jina lililovuma zaidi baadaye ni la DJ Afro, ambaye kazi zake za Kiswahili juu ya filamu za mapigano zilisambaa nchi nzima. Migori iko njiani kati ya ulimwengu huu wote: Tanzania iko hatua chache kutoka soko la Isebania, na ziwa linaiunganisha Homa Bay na Uganda.

Fanani huyu hatafsiri kwa maana ya kawaida. Huwapa wahusika majina ya hapa, huwahamishia mitaa ya hapa, hutangulia tukio kabla halijatokea, hulilaumu jambazi na kumwonya shujaa asiyeweza kumsikia. Humwita shujaa huyo steringi, neno lililozaliwa kutokana na maandishi ya Kiingereza yanayotangulia filamu, na ambalo ukumbi umelifanya kuwa istilahi kamili ya uhakiki. Usemi kwamba steringi hafi ni nadharia ya muundo kwa maneno mawili. Mwanafunzi aliyelelewa na ukumbi wa video huja chuoni akiwa na ufahamu wa nguli na mpinzani wake kabla hajafundishwa na mtu, ingawa tukimsikia akilitumia neno lake sisi humsahihisha.

Tusifanye makosa ya kumpamba fanani huyu kupita kiasi. Usimulizi wake aghalabu umejaa dhihaka juu ya wanawake, na vichekesho vyake juu ya makabila na mataifa ni vya rejareja. Lakini kama tungekuwa tunawakataa mafanani kwa sababu hiyo, ngano nyingi tulizozikusanya tangu miaka ya 1960 zingetoka katika mihtasari yetu pia.

Pakruok na haki ya kukatiza

Waluo wana vielelezo viwili vya zamani vya utendaji ambavyo vinatusaidia kukielewa kilichotokea ukumbini. Cha kwanza ni siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aitwaye pim, ambamo watoto walilala na kufundishwa kwa ngano na vitendawili. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wameieleza vizuri katika kitabu chao juu ya Siaya cha mwaka 1989. Wepesi wa kuufananisha ukumbi wa video na siwindhe unavutia, kwani pote pana giza na sauti moja, lakini mlingano huo hauendi mbali. Siwindhe ilikuwa ya malezi. Ukumbi ni wa kiingilio.

Cha pili kinafaa zaidi. Katika upigaji wa nyatiti, msikilizaji ana haki ya kumsimamisha mpigaji, kutoa fedha, na kujisifu au kumsifu rafiki yake mbele ya watu. Kisha wimbo unaendelea. Hii ndiyo pakruok. Mkatizo huo hauharibu utendaji kwani ni sehemu yake, na mpigaji asiyejua kuupokea si mpigaji. Ukumbi wenye msimulizi wa papo hapo ulifanya kazi kwa kanuni hiyo. Mtu wa benchi la nyuma alibishana na msimulizi, akamkosoa, akataka jina lake litiwe kinywani mwa mhusika, na msimulizi hodari alimtia. Picha haikubadilika, lakini usimulizi wa saa nane mchana haukuwa ule wa saa mbili usiku.

Badiliko kubwa lilikuja pale sauti ya msimulizi iliporekodiwa. Kwa VHS kazi hiyo ilikuwa ya tabu: deki mbili, kichanganyio cha sauti, na hasara ya nakala. Diski ya VCD, ambayo viwango vyake viliwekwa na Philips, Sony, Matsushita na JVC mwaka 1993, iliirahisisha. Picha yake ya vitone 352 kwa 288 haikuwa bora kuliko VHS kwa kiasi kikubwa, lakini ni ya kidijiti, hivyo nakala ya mia ni sawa na ya kwanza. Msimulizi aliyekuwa akisikika katika chumba kimoja sasa alisikika katika vyumba elfu. Hapo ndipo haki ya kukatiza ilipopotea. Msikilizaji anaweza kuipigia kelele diski, lakini diski haimjibu.

Jambo dogo la kiufundi linastahili kutajwa hapa. Diski moja ya VCD hubeba dakika 74 tu, na filamu nyingi huzidi hapo. Kwa hiyo filamu huja kwa diski mbili, na katikati mtu lazima ainuke azibadilishe. Katika dakika hizo ukumbi hurudishiwa kauli. Watu hubashiri, hubishana, hukumbushana. Kwa maoni yetu pengo hilo lilikuwa masalio ya mwisho ya pakruok ndani ya teknolojia mpya, na lilikuwako kwa sababu tu wahandisi walikosa nafasi ya kutosha juu ya diski. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 na kuenea kwetu miaka kadhaa baadaye, iliiweka filamu nzima mahali pamoja na kuliziba.

Picha iliposafika

Sasa tunaweza kulipima jibu la mkongojo. DVD ina vitone 720 kwa 576, karibu mara nne ya VCD. Televisheni bapa ziliondoa mtetemo wa kioo cha zamani. Kenya ilizindua matangazo ya kidijiti mwezi Desemba 2009 na kuzima mitambo ya zamani kwa awamu kati ya mwisho wa mwaka 2014 na Machi 2015. Katika awamu hizo nchi nzima ilijifunza neno ving'amuzi, na mwezi Februari 2015 vituo vikubwa vya binafsi vilitoweka hewani kwa majuma kadhaa kwa sababu ya mgogoro juu ya mfumo huo. Hali kadhalika, kizazi kilichokaa mabenchini kilikuwa kimefundishwa kwa Kiingereza tangu madarasa ya juu ya msingi. Picha ilikuwa safi, maandishi yanasomeka, lugha si ngeni tena. Msimulizi alipaswa kutoweka.

Hakutoweka. Filamu zilizosemewa Kiswahili zilihama kutoka diski hadi memori kadi za simu, na kutoka huko hadi intaneti, na watazamaji waliokuwa na uwezo wa kuitazama filamu ile ile bila msimulizi waliendelea kumchagua. Tulinganishe na Japani. Huko wasimulizi wa filamu bubu, walioitwa benshi, walikuwa nyota wakubwa hadi sauti ilipofungwa kwenye filamu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakagoma, wakashindwa, wakaisha. Mkondo wa Afrika Mashariki ni kinyume chake kabisa: msimulizi wa video alijitokeza katika filamu zilizokuwa na sauti tayari, akazungumza juu ya sauti hiyo, na akadumu hata picha iliposafika. Kwa hiyo hakuwa akiziba upungufu wa habari. Watazamaji hawakumlipa awaambie kinachotokea; walimlipa atokee pamoja nao mbele ya kitu cha watu wengine na kukitolea hukumu.

Na hapa ndipo tunapolirudia suala la Kiswahili. Kama shabaha ingekuwa kueleweka tu, msimulizi wa Homa Bay angesema Kijaluo na wa Kehancha angesema Kikuria. Utangazaji wa Kijaluo ulikuwako Kisumu kwa miongo mingi, kwa hiyo lugha hiyo haikukosa uzoefu wa kipaza sauti. Hata hivyo usimulizi uliovuma ni wa Kiswahili. Soko linaeleza sehemu ya jambo hili, kwani diski ya Kiswahili huuzika kuanzia Migori hadi Mombasa na kuvuka mpaka. Lakini liko pia suala la umbali. Kiswahili kwa msikilizaji wa ufukwe wa Mbita ni lugha ambayo si ya bibi wala si ya mwalimu wa Kiingereza. Mtu aweza kuichezea bila kumvunjia heshima yeyote. Tunaofundisha Kiswahili katika sehemu hizo tumezoea kulalamika kwamba wanafunzi hawana lugha ya sanaa. Wanayo, na waliipata bila sisi.

Suala la ushahidi

Tatizo kubwa la utafiti huu si la nadharia. Usimulizi wa papo hapo haukurekodiwa ila kwa nadra sana. Kanda za VHS huharibika kwa joto na unyevu, na unyevu wa ufukweni hauhitaji maelezo. Diski zilitengenezwa kwa bei ndogo na kutupwa. Juu ya hayo, sehemu kubwa ya kazi hizi ilifanywa bila idhini ya wenye filamu, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaziweka upande wa makosa. Maktaba ya chuo kikuu haiwezi kuzipokea kwa moyo mweupe. Hivyo matini inayodaiwa na kamati zetu ipo, lakini imo katika mifuko ya nailoni chini ya vitanda vya watu ambao hawana sababu ya kumfungulia mlango mtu anayejitambulisha kuwa ametoka taasisi ya umma.

Sheria nyingine inatuonyesha ukubwa wa pengo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura 222, ambayo asili yake ni mwaka 1962, inataka filamu iidhinishwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Macho yake yako juu ya picha. Anayetafuta katika nyaraka za leseni atakutana na majina ya filamu. Aliyeisemea filamu hiyo mchana ule, akambadilisha steringi kuwa mtu wa kwao, si mtu ambaye sheria hiyo ilikusudia kumwandika. Kwa kejeli ya historia, wazungumzaji wa santuri za Vugiri wana bahati zaidi: Notcutt na Latham walichapisha ripoti yao mwaka 1937, na angalau kazi yao imetajwa humo.

Kwa hiyo wanaotaka kuanza wasianzie Nairobi. Waanzie Isebania, kisha washuke Muhuru Bay, Karungu na Mbita, na wawatafute kwanza wenye kumbi, kabla ya wasimulizi, kwa sababu mwenye ukumbi ndiye aliyemlipa msimulizi, aliyeandika ubao kwa chaki, na aliyejua ni siku ipi watu walijaa. Wasianze kwa kuomba diski. Waombe kusimuliwa filamu, yoyote ile, tangu mwanzo hadi mwisho, picha ikiwa haipo, na kinasa sauti kikiwa mezani mbele ya wote.